Mwongozo wa Kupita Barieri za Lubutu Ukibaki Mtu Huru

Mwongozo huu ni wa mtu anayesafiri kati ya Kisangani na Lubutu na anayetaka kufika na vitu viwili alivyoondoka navyo: mzigo wake na heshima yake. Mzigo wenyewe huenda ni mchele, mabido ya mawese, katoni za sabuni au gunia la chumvi. Njia ni barabara ya taifa namba 3, kilometa zaidi ya 200 za msitu na matope. Utacheka humu, maana barieri haikosi vituko. Lakini kila agizo nimeliandika ili lifuatwe, na kila kifungu cha sheria nilichokitaja kipo.

Kufunga mzigo

Anza na karte ya mpiga kura. Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu 1984, na kwa miaka mingi karte hiyo ndiyo imekuwa kitambulisho cha mwananchi wa kawaida. Ifunge kwenye nailoni, mvua ya huku haijali muhuri.

Chukua daftari dogo na kalamu mbili. Nimesema mbili kwa sababu moja itaombwa. Pesa ya nauli na ya kodi halali iweke peke yake, nyingine ifiche mbali, kwa kuwa mkono ukiingia mfukoni na kutoka na fungu zima, bei ya barieri hupanda hapo hapo.

Kisha beba visivyo na uzito, yaani vifungu vya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kariri vitano tu. Cha 30 kinasema kila mtu aliye katika ardhi ya taifa ana haki ya kwenda atakako, kukaa na kuondoka. Cha 174 kinasema hakuna kodi inayowekwa isipokuwa kwa sheria. Cha 16 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Cha 18 kinataka anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, tena kwa lugha anayoielewa, na asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa kwa mwenye mamlaka ya kisheria. Cha 28 ndicho ninachokipenda kuliko vyote: hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kuwa si halali. Kifungu hicho kinamhusu askari aliyetumwa kukutoza sawasawa na kinavyokuhusu wewe unayetozwa.

Ongeza na cha 142, kinachoitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu ilipotiwa saini. Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Kwa hiyo ukimwomba mtu akuonyeshe kwa Kiswahili sheria anayokutoza kwayo, unadai deni lako.

Mtaani watu wote wanakijua kifungu kingine, cha 15: jitafutie mwenyewe. Husimuliwa kwamba kilitoka kwenye katiba ya Kasai Kusini ya Albert Kalonji, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika Katiba tuliyo nayo, kifungu cha 15 kinasema habari nyingine kabisa, kinaziamuru mamlaka zitokomeze ukatili wa kingono. Lakini cha mtaani ndicho kilichoshinda, nami nakichukia. Mwalimu asiyelipwa anaambiwa kifungu cha 15, askari asiyelipwa anaambiwa kifungu cha 15, kisha wote wawili wanakutana na mama mwenye beseni la mihogo, na mama huyo ndiye anayelipa mishahara yao yote miwili. Wageni wanaosifu ujanja wa Mkongo wa kujitafutia wanamsifu mtu aliyetelekezwa. Usiwaruhusu wakuite mtu huru kwa sababu hiyo.

Kwenye mwanzi

Barieri yenyewe ni mwanzi uliolazwa juu ya panda mbili. Kwenye ncha moja limefungwa jiwe ili mwanzi uinuke wenyewe, kwenye ncha ya pili kijana ameshika kamba ya nailoni. Pembeni kuna kibanda cha majani, benchi na meza. Juu ya meza kuna daftari la shule lenye safu zilizochorwa kwa rula: jina, atokako, aendako, mzigo. Tazama vizuri na utaona safu ya kiasi kilicholipwa haimo. Mwenye daftari ana mwandiko mzuri, amesoma. Huenda ni mtoto wa mwalimu.

Shuka kwenye moto, yaani pikipiki, kabla hujaambiwa. Vua kofia, msalimie kwanza mwenye umri mkubwa, halafu mwenye bunduki. Usidhani kufanya hivyo ni kujikomba. Adabu ulifundishwa nyumbani na hakuna anayeweza kukutoza kwa kuwa nayo. Mazungumzo, ambamo kitansi ni risiti, huenda hivi:

— Jambo mukubwa.

— Jambo baba. Lete karte.

— Karte ni hii.

— Na ya formalite?

— Ninalipa, mukubwa. Nipe kitansi niandike namba yake.

— Kitansi ziliisha.

— Basi niandikie humu jina la kodi na jina lako. Kitansi zikipatikana nitalipa nikirudi.

Hapo mnyooshee kalamu na ungoje. Usicheke, usipandishe sauti, wala usimtaje mjomba aliye Kinshasa. Najua kishawishi ni kikubwa. Lakini kumtaja mkubwa unayemjua kunakuokoa wewe na kumwacha mwenzako asiyemjua mtu alipe mara mbili kesho yake, yake na ile uliyoikwepa.

Mara nyingine mwanzi unainuka. Mara nyingine utaambiwa kaa pale, na utakaa mpaka jua ligeuke. Kinachouzwa barieri ni muda wako mwenyewe. Mwenye mchele anaweza kungoja, mwenye samaki wabichi hawezi, na wanaokaa kwenye benchi wanalijua hilo kuliko wewe. Kwa hiyo usiende peke yako. Mkiwa watu wa moto wanne na wasukuma velo, yaani baiskeli, sita, wote mkaomba kitansi kwa sauti ya kawaida, hesabu inabadilika upande wa pili wa meza.

Tofautisha barieri na barieri. Kuna mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioanzishwa kwa sheria ya Julai 2008, na ushuru wake wa kupita una msingi katika sheria. Ulipe, chukua kitansi, na uihifadhi. Kifungu kile kile cha 174 kinasema kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila anayeishi Kongo, nami nakubali kwa moyo wote. Ukishalipa, una haki ya kuuliza shimo lililo mbele ya barieri litafukiwa lini, maana ndilo ulilolilipia.

Zile nyingine ni nyingi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu barieri 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na Maniema, mkoa ulio na Lubutu, haikuwemo katika hesabu hiyo. Kwenye barieri kama hizo utamkuta wa upelelezi, wa uhamiaji, wa usafi, wa mazingira na wa sekta, kila mmoja na meza yake. Wakumbushe kwa upole dikrii ya tarehe 28 Machi 2002, iliyoruhusu idara nne tu kufanya kazi kwenye vituo vya mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, afya na uhamiaji. Ikiwa sheria inaona idara nne zinatosha kumpokea mtu anayeingia kutoka nchi ya kigeni, nani alisema mtu anayetoka Kisangani kwenda kwao Lubutu anahitaji tano?

Na kuna saa ambayo hupaswi kuomba kitansi. Jua likishazama, chupa zikiwa tupu chini ya benchi na kidole kiko karibu na mahali ambapo hakipaswi kuwa, toa unachoombwa na uende. Ukifika, andika mahali, saa na kiasi. Hutakuwa umeuza uhuru wako. Watoto wako wanakuhitaji zaidi kuliko kifungu cha 30 kinavyokuhitaji usiku huo.

Mtu akikuambia mmezoea

Njiani utamkuta msomi atakayekuambia kwamba kudai uhuru mbele ya serikali ni fikra ya wazungu, na kwamba watu wa msituni wamezoea kuamriwa. Mpe maji ya kunywa, umketishe, umsimulie mwaka 1944.

Machi ya mwaka huo, mjini London, mwanauchumi kutoka Austria aliyeitwa Friedrich Hayek alitoa kitabu chake The Road to Serfdom. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali ikishajitwika kupanga uchumi wote, itaishia kupanga maisha ya mtu mmoja mmoja, hata ikiwa na nia njema. Wapenzi wa uhuru duniani kote wanakitaja kitabu hicho mpaka leo. Katika miezi hiyo hiyo, kati ya Januari na Mei 1944, kuanzia Masisi mpaka Lubutu, watu walikuwa wameasi. Hapa kwetu walikuwa Wakumu. Hayek hawakumsikia kamwe, lakini walikuwa wameishi ndani ya kile alichokuwa anaonya juu yake.

Vita vya dunia vilikuwa vimefika msituni kwa njia ya mpira. Japani ilikuwa imezitwaa nchi za Asia zilizokuwa na mashamba ya mpira, na Kongo ya Wabelgiji ikaamriwa izibe pengo. Wanaume wakarudishwa msituni kukata mitambaazi ya mpira wa porini, kazi ambayo wazee wao waliijua kwa machungu tangu enzi ya Mfalme Leopold. Siku za kazi ya lazima, ambazo zilikuwa 60 kwa mwaka, mwaka 1942 zilipandishwa hadi 120. Zihesabu. Ni miezi minne ya kila mwaka. Toa siku hizo 120, toa siku za kutafuta pesa ya kodi ya kichwa, toa waliochukuliwa machimboni, halafu useme mtu huyo alilima mpunga wake lini na alizika wafu wake lini. Kuhama kulihitaji karatasi ya ruhusa. Kukataa kulijibiwa kwa kiboko.

Nalikazia jambo hili kwa sababu Wakumu hawakuwa na mfalme. Waliishi kwa koo, na mkubwa aliyezidisha aliachwa peke yake: watu walibeba vyungu vyao, wakaingia ndani zaidi ya msitu na kujenga upya. George Ayittey, mwanauchumi wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba jamii nyingi za Afrika ziliwadhibiti wakubwa wao hivi hivi, na kwamba soko huru lilikuwako kwetu kabla ya meli ya kwanza kutia nanga. Utawala wa Kibelgiji uliuziba mlango huo. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara ili vihesabike, vitozwe na viilime barabara yenyewe. Ukipita leo na kuona nyumba zimejipanga mstari pande mbili za njia kwa kilometa nyingi, unaona kazi hiyo.

Dini iliyowakusanya waasi ilikuwa Kitawala, iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower yaliyopanda kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Serikali iliwahamisha kwa nguvu wahubiri wake ili kuwanyamazisha, nao wakahubiri kule kule walikopelekwa. Kiongozi wa uasi wa huku aliitwa Bushiri Lungundu. Alitangaza kwamba utawala wa weupe umekwisha, na kodi na kazi za lazima zimekwisha pamoja nao. Askari wa Force Publique, jeshi la koloni, walifika, na watu wengi walilipa kwa maisha yao. Simfanyi Bushiri mtakatifu. Mtu anayewaambia wakulima wenye mikuki kwamba siku ya mwisho imefika amebeba mzigo mkubwa wa damu. Ila waliomfuata walikuwa wamejua idadi ya siku walizoibiwa, na waliona kwamba hakuna ofisi ya kuzidai.

Kwa hiyo agizo la kipande hiki ni moja. Ukifika Lubutu, mtafute mzee au bibi, umwombe akusimulie kile wazazi wake walichomwambia juu ya kazi ya Leta, yaani serikali. Kiandike kama alivyokisema, kabla mwenye kumbukumbu hajaondoka.

Mahali pa kuweka pesa

Kipande hiki ni kifupi. Mobutu alituvua majina ya Kikristo na tai mwaka 1972, na Katiba ya 1974 ikasema kila Mzaire ni mwanachama wa chama cha MPR, mtoto mchanga akiwemo. Lakini kilichowaumiza zaidi watu wa mbali kilikuja Desemba 1979, pale noti za zaire 5 na 10 zilipofutwa kwa tangazo. Walipewa siku chache za kubadilisha, na kiwango kikiwa na kikomo. Mtu wa Kinshasa alikimbilia benki. Mtu aliyekuwa amefukia akiba ya kahawa yake ndani ya chungu katikati ya msitu wa Maniema alibaki na karatasi zenye picha.

Basi usiweke akiba yako yote katika kitu kinachoweza kuuawa na redio. Weka kidogo katika mchele, kidogo katika mbuzi, kidogo katika dola safi ambazo hazijachanika, na kidogo katika likelemba, mahali ambapo mtunza sanduku ni jirani yako na unajua anapolala. Na kumbuka kwamba watu waliwahi kumjibu mchapaji noti: mwaka 1993, zaire mpya ilipoletwa, watu wa Kasai waliikataa na kuendelea kutumia noti za zamani kwa miaka kadhaa.

Kwa mchimbaji

Tarehe 9 Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alitangaza kusimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Shabaha ilikuwa kukata pesa za makundi yenye silaha na za maafisa wa jeshi waliojiingiza kwenye mashimo. Shabaha njema, siipingi. Lakini amri haikutenganisha shimo lenye bunduki na shimo lisilo nayo, na Maniema, ambako vita vilikuwa vimepungua kuliko Kivu, ilifungwa kwa kufuli lile lile. Ilifunguliwa Machi 2011, na papo hapo wanunuzi wa kigeni wakajitenga kwa kuogopa sheria ya Marekani ya Julai 2010 juu ya madini ya vita. Kwa watu wa Punia na Lubutu wanaoishi kwa kasiterite, amri ya kwanza ilitoka Kinshasa na ya pili Washington. Katika miji yote miwili hakukuwa na mtu aliyewauliza.

Hapa ndipo ninapokubaliana kabisa na wale wanaosema mtawala aliye mbali hawezi kujua anachokivunja. Hayek alilisema hilo vizuri katika maandishi yake mengine: maarifa ya mahali yako kwa watu wa mahali. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada mwaka ule hakuandikwa katika ripoti ya siku ya tangazo.

Ufanyeje? Pata karte ya mchimbaji mdogo, ambayo sheria ya madini inaitaka. Ingieni katika kooperative, na muwe nayo kwa kweli, pamoja na mikutano na hesabu zinazosomwa kwa sauti. Siku amri nyingine itakaposhuka, iwakute mkiwa na anwani, muhuri na msemaji. Mchimbaji mmoja mmoja amri haimwoni.

Ukishakasirika na kutaka Leta iondoke kabisa

Hasira hiyo nimeijua. Kabla hujaifuata, tembea kidogo kuelekea Mbuga ya Taifa ya Maiko, ambayo sehemu yake iko katika teritware ya Lubutu.

Mwaka 1974 Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kitabu cha falsafa akimtaka msomaji awaze nchi isiyo na serikali, mahali ambapo watu wanalipia ulinzi kwa makampuni mbalimbali ya walinzi, mpaka moja likashinda mengine na kugeuka kuwa dola ndogo isiyofanya zaidi ya kulinda. Ni hoja iliyojengwa kwa akili nyingi. Lakini sisi hatuhitaji kuiwaza. Waasi wa Simba walioiteka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwezi Agosti 1964 waliposhindwa, baadhi yao waliingia msitu wa Maiko, na kundi lenye jina lao liliendelea kuishi humo kwa miongo mingi. Walinzi wengi wenye silaha wamekuja na kupita katika misitu hii tangu hapo. Kila mmoja alitoza. Kila mmoja aliita tozo lake mchango wa ulinzi. Na mkulima aliyekuwa akihama kutoka kwa mlinzi mmoja alikuta mwanzi wa mlinzi wa pili.

Kilometa chache tu kutoka Lubutu mjini, mahali paitwapo Tingi-Tingi, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki moja walijazana kati ya mwisho wa 1996 na mwanzo wa Machi 1997. Dola la Zaire lilikuwa linakufa, askari wake wanakimbia wakipora, na wakimbizi wenye silaha walikuwa wamechanganyika na wasio nazo. Ndege za misaada zilitua kwenye barabara ya lami. Watoto walikufa kwa kipindupindu na njaa, kisha jeshi la waasi wa AFDL na washirika wake wa Rwanda likafika. Hakuna mtu wa Lubutu aliyeyaona hayo anayeweza kuniambia kwamba serikali ikitoweka, kinachobaki ni soko na amani.

Hata shuleni tuliijaribu nadharia hiyo bila kuulizwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokufa, wazazi ndio waliowalipa, mwaka baada ya mwaka, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019, kama kifungu cha 43 kilivyokuwa kinataka tangu 2006. Wazazi walifanya kazi ya kishujaa, shule hazikufa. Lakini binti ndiye aliyebaki nyumbani pesa zilipopungua, na zilipungua mara nyingi.

Ninachokiamini nakisema wazi: wapenzi wa uhuru wako sahihi kwamba mtawala asiyedhibitiwa ni hatari, na wanakosea wanapodhani dawa ni kumpunguza tu. Leta ya Lubutu imepungua tayari. Imepungua shuleni, hospitalini na kwenye daraja. Haijapungua kwenye mwanzi, ni kama mgonjwa aliyekonda mwili mzima isipokuwa mkono mmoja. Kinachotakiwa ni kuufunga mkono huo kwa sheria, na kuurudishia nguvu mguu.

Salongo

Jumamosi asubuhi utaitwa kwenye salongo, kazi ya pamoja aliyoieneza Mobutu na ambayo haijafa. Soma tena kifungu cha 16, kisha uliza maswali mawili: tunasafisha nini, na asiyekuja anafanywa nini? Kama ni mtaro wa mtaa wenu na asiyekuja anaonewa haya na jirani zake tu, chukua jembe uende, tena uwahi. Kama ni kiwanja cha mkubwa, au kama kuna faini isiyo na kitansi, kaa nyumbani na uwaambie wenzako sababu. Mtaro usafishe siku nyingine.

Baada ya kufika

Kaa chini, jumlisha. Mahali, saa, idara, kiasi, kitansi ipo au haipo. Wafanye hivyo wenye velo, wenye moto na wenye kamiyo, kisha mwisho wa mwezi jumla isomwe kwenye redio ya jamii bila majina ya watu. Mtu anayesikia kwamba gunia la chumvi limelipiwa mara saba kabla ya kufika sokoni anaacha kumlaumu muuza chumvi.

Usidhani kelele hazifiki popote. Septemba 2020 serikali ilianza kukata pesa kwenye simu zetu kwa jina la RAM, rejista ya vifaa vya mkononi: hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya kisasa, zikitolewa kwenye yuniti ulizonunua. Ilikuwa barieri ndani ya mfuko wa suruali. Watu walipiga kelele, wabunge wakamuuliza waziri maswali magumu, na mapema mwaka 2022 tozo hilo likafutwa. Lilifutwa kwa sababu kila mwenye simu aliona kiasi kilichokatwa kimeandikwa mbele ya macho yake.

Limebaki suala la sekta. Teritware ya Lubutu ina sekta mbili, Obokote na Bitule. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazitambua sekta kama mamlaka zenye bajeti yake, na inataka kila moja iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, ndilo lijadili bajeti hiyo. Desemba 2023 tulipiga kura ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa mkoa, na komuni kadhaa zilichagua madiwani. Mabaraza ya sekta hayakuchaguliwa. Yaani kodi ya soko, ya velo na ya mazao inakusanywa kijijini bila mtu hata mmoja aliyechaguliwa na kijiji kukaa mezani inapopangwa.

Kwa hiyo atakayekuja kuomba kura, muulize baraza la sekta litachaguliwa lini. Atakujibu habari za barabara, mrudishe kwenye baraza. Atagawa fulana na chumvi. Chumvi ipokee kama huna nyumbani, kisha uliza tena, mbele ya watu, kwa Kiswahili, na wa nyuma yako aulize hilo hilo.